Barua ya Wazi kuhusu Chaza, Maji Taka na Usugu wa Dawa katika Pwani za Zanzibar

KWA: Mheshimiwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, pamoja na uongozi wa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar

YAH: UPIMAJI WA MAENEO YANAYOOKOTWA CHAZA NA KOMBE, NA KUTANGAZWA KWA MATOKEO YAKE

Waheshimiwa,

Barua hii ina ombi moja. Inaomba kwamba maeneo ya pwani ambako chaza, kombe na kome huokotwa kwa ajili ya kuuzwa yapimwe uchafu wa kinyesi na bakteria sugu kwa dawa, yapangwe kwa madaraja kulingana na yatakayoonekana, na matokeo yawafikie kwanza wale wanaoingia majini kuokota, kwa lugha wanayoisema na kwa wakati ambao bado yanaweza kuwafaa. Mengine yote yaliyoandikwa humu yanaeleza kwa nini ombi hilo limechelewa kutimizwa, na kwa nini lisitimizwe kwa njia rahisi ya kuwakataza akinamama biashara yao.

Chaza hatembei kutafuta chakula. Hukaa pale aliposhikamana na jiwe au mzizi wa mkoko, akayavuta maji ndani ya gamba lake na kuyapitisha kwenye matamvua, viungo vyenye vinyweleo vidogo mno ambavyo humpatia hewa na papo hapo humchujia mimea midogo anayokula, kisha akayatoa maji upande wa pili; na chaza mkubwa huweza kuchuja lita kadhaa kwa saa moja. Kombe afukiaye mchangani hufanya vivyo hivyo kwa kutoa mirija yake juu ya mchanga. Katika uchujaji huo mnyama hana namna ya kutenganisha kikamilifu mmea mdogo anaoutaka na bakteria au kirusi kilichotoka chooni, kwa hiyo vyote hukusanywa, vingine vikameng'enywa na vingine vikabaki hai ndani ya utumbo, hata nyama yake ikawa na vijidudu vingi mara nyingi zaidi kuliko maji yaliyomzunguka. Samaki hafanani naye katika jambo hili, kwa sababu samaki huogelea na kuhama, utumbo wake hutolewa na kutupwa kabla ya kupikwa, na nyama inayoliwa ni msuli ambao kwa kawaida hauna bakteria wakati samaki yu hai. Chaza huliwa mzima, pamoja na utumbo wake na vyote vilivyomo. Hiyo ndiyo tofauti inayomfanya astahili kanuni zake mwenyewe, na ndiyo maana ukaguzi wa soko unaotazama ung'avu wa jicho la samaki na wekundu wa matamvua yake hausemi chochote kuhusu sinia la kombe lililo kando yake.

Nchi zilizotangulia kuweka kanuni hizo zilifundishwa na vifo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1924 kuingia 1925, homa ya matumbo iliwashika watu wapatao 1,500 katika miji ya Marekani ikiwamo New York, Chicago na Washington, wakafariki takriban 150, na nyayo za ugonjwa zikafuatwa hadi kwenye chaza waliohifadhiwa katika maji yenye uchafu wa vyoo. Mwaka huo huo wa 1925 Marekani ikaanzisha mpango wa taifa wa usafi wa chaza ambao unaendelea hadi leo. Mwaka 1973 kipindupindu kilizuka Naples, Italia, kome waliokuwa wakifugwa ghubani wakalaumiwa na mashamba yao yakang'olewa. Tukio lililo karibu zaidi na Zanzibar, ijapokuwa lilitokea mbali, ni la Shanghai, China, mwanzoni mwa mwaka 1988, ambapo watu zaidi ya 290,000 walipata homa ya ini aina ya A kutokana na kombe waliookotwa kwenye maji machafu na kuliwa baada ya kupitishwa tu kwenye maji ya moto. Kombe hao walikuwa wa jenasi ya Anadara, ambayo ndiyo jenasi ya kombe wanaookotwa na akinamama wa Unguja kila bamvua. Mpishi wa Kizanzibari, kwa bahati njema, huchemsha kombe wake hadi gamba lipasuke wazi na mara nyingi humrudisha tena jikoni kwa nazi au kwa kukaanga, na pengine desturi hiyo imewakinga watu wengi kuliko kanuni yoyote iliyoandikwa.

Kutokana na matukio kama hayo yakazaliwa madaraja. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huyapanga maeneo ya kuvuna kwa kuhesabu bakteria aitwaye Escherichia coli, ambaye makao yake ni utumbo wa binadamu na wa wanyama wenye damu moto, na ambaye kuonekana kwake ndani ya chaza ni ushahidi kwamba kinyesi kimefika hapo. Eneo la daraja A ni lile ambalo sampuli zake kwa kawaida hazizidi bakteria 230 kwa kila gramu 100 za nyama na maji ya ndani ya gamba, na chaza wake wanaweza kwenda sokoni moja kwa moja. Daraja B hufika hadi 4,600, na chaza wake sharti wasafishwe kwanza. Daraja C hufika hadi 46,000, na chaza wake huhamishiwa kwenye maji safi wakae huko kwa muda usiopungua miezi miwili, au wapikwe kiwandani. Juu ya kiwango hicho hawavunwi. Ubora wa mfumo huu haumo katika tarakimu zake. Umo katika kwamba hukumu hutolewa juu ya bahari kabla haijatolewa juu ya mchuuzi, kwa sababu mchuuzi hana darubini, na chaza mchafu hana harufu wala rangi inayomtofautisha na aliye safi.

Pamoja na hayo, kuuchukua mfumo huo jinsi ulivyo na kuupandikiza Zanzibar kungekuwa kosa, na sababu yake inahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo. Bakteria wanaomdhuru mlaji wa chaza ni wa jamaa mbili zisizofanana. Jamaa ya kwanza ni wale watokao nchi kavu, kwenye matumbo ya watu na mifugo, kama vile Salmonella, Shigella na aina zenye madhara za Escherichia coli, na hao hupungua baharini kadiri chumvi na jua vinavyowachosha. Jamaa ya pili ni Vibrio, ambao ni wenyeji wa bahari wasiohitaji kinyesi ili waishi: Vibrio parahaemolyticus, aliyetambuliwa Japani mwaka 1950 baada ya dagaa kuua watu 20 katika mkoa wa Osaka, Vibrio vulnificus, ambaye huweza kuingia kwenye damu kupitia jeraha dogo la mkononi na kumuua mtu mwenye ugonjwa wa ini kwa siku chache, na Vibrio cholerae, ambaye baadhi ya aina zake huleta kipindupindu. Vibrio hupenda joto. Katika bahari za Ulaya ya kaskazini huwa hatari hasa katika miezi ya kiangazi, na ndiyo maana kanuni za huko zimejengwa juu ya kinyesi zaidi kuliko juu yao. Lakini bahari ya Zanzibar haishuki sana chini ya nyuzi 25 za Selsiasi hata kusi inapovuma, na wakati wa kaskazi hukaribia 30, maana yake ni kwamba msimu wa Vibrio hapa haufungi. Eneo linaloweza kupata daraja A kwa hesabu ya Escherichia coli bado linaweza kutoa chaza mwenye Vibrio wa kutosha kumlaza mtu hospitalini, hasa akikaa juani sokoni, kwa kuwa katika joto linalowafaa bakteria hao huongezeka maradufu kila baada ya takriban dakika kumi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2015, waliwakuta Vibrio cholerae wenye jeni za sumu katika midomo ya mito ya pwani ya Tanzania, kwa hiyo jambo hili halikuazimwa kutoka vitabu vya ng'ambo.

Hapo ndipo suala la usugu linapoingia. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao katika nyaraka za serikali umefupishwa kuwa UVIDA, ni hali ya bakteria kuendelea kuishi na kuzaana mbele ya dawa ambayo zamani iliwaua. Bakteria hupata uwezo huo kwa njia mbili. Ya kwanza ni mabadiliko ya bahati ndani ya jeni zake mwenyewe, ambayo dawa huyachagua kwa kuwaua wenzake wote na kumwachia yeye uwanja. Ya pili, iliyo nzito zaidi kwa hoja hii, ni kupokea jeni zilizokwisha kuundwa kutoka kwa bakteria mwingine kupitia plasmidi, yaani kipande cha duara cha urithi kinachoweza kunakiliwa na kuhamishwa bakteria wawili wanapogusana, hata wakiwa wa spishi mbalimbali. Plasmidi moja huweza kubeba jeni za kushinda dawa tano au sita kwa pamoja, ndiyo maana mgonjwa aliyetumia dawa moja vibaya anaweza kuishia na bakteria wasiosikia dawa ambazo hajawahi kuzimeza. Uhamisho huo hustawi mahali penye bakteria wengi waliosongamana, chakula cha kutosha na joto, na utumbo wa chaza aliye karibu na bomba la maji taka ni mahali pa namna hiyo hasa: bakteria wa hospitalini aliyetoka nchi kavu hukutana humo na Vibrio aliyezaliwa baharini, wakakaa pamoja kwa saa nyingi katika nafasi isiyozidi kidole. Wa kwanza atakufa baada ya siku chache kwa chumvi. Jeni zake zinaweza kubaki kwa wa pili, ambaye bahari ni nyumbani kwake.

Tanzania ina somo lake katika jambo hili, tena somo lililosomwa duniani kote ingawa hapa nyumbani halitajwi inavyostahili. Kipindupindu kilipozuka Tanzania Bara mwishoni mwa mwaka 1977, tetrasaiklini ilitumiwa kwa wingi kuwatibu wagonjwa na pia kuwakinga waliokuwa hawajaugua, na kwa mujibu wa taarifa ya Fred Mhalu na wenzake iliyochapishwa katika jarida la tiba la The Lancet mwaka 1979, kilo 1,788 za dawa hiyo zilitumika katika muda wa miezi mitano tu, na mwisho wa muda huo asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu kwake. Miezi mitano ilitosha. Hata hivyo vidonge vya antibiotiki, “rangi mbili” kama wengi wanavyoviita, vimeendelea kununuliwa dukani kwa hesabu ya viwili au vitatu, kwa mafua, kwa tumbo, kwa kidonda, bila cheti cha daktari na bila kumaliza dozi. Wafugaji wa kuku wa nyama nao huvichanganya kwenye maji ya kunywa ya vifaranga kama kinga, na sehemu kubwa ya dawa inayomezwa hutoka mwilini ikiwa bado ina nguvu. Yote hayo huishia kwenye karo, kwenye mtaro, na hatimaye baharini.

Njia ya kufika baharini inafahamika vizuri. Mji Mkongwe una mabomba ya maji taka ya zamani ambayo humwaga ukingoni mwa bahari bila kusafishwa, na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye makao yake Unguja tangu mwaka 1978, wameandika juu ya uchafuzi huo na athari zake kwa maji na matumbawe ya mbele ya mji tangu miaka ya 1990. Ng'ambo, ambako wakazi wengi zaidi huishi, hutegemea mashimo na makaro ambayo mvua za masika huyafurika na kuyapeleka kwenye mitaro. Hali hii inajulikana na serikali yenyewe, ambayo katika mpango wake wa kutokomeza kipindupindu wa mwaka 2018 hadi 2027 imeweka maji na usafi wa mazingira mbele ya mambo mengine, na uamuzi huo unastahili sifa. Kinachokosekana ni kiungo kimoja: mpango wa kipindupindu unazungumzia choo na bomba la maji ya kunywa, mpango wa taifa wa UVIDA unazungumzia hospitali, duka la dawa na mifugo, mpango wa uchumi wa buluu unazungumzia mwani, majongoo na ufugaji wa chaza lulu, na chaza wa chakula, ambaye mipango hiyo yote mitatu inakutana ndani ya gamba lake, hana anayemdai kuwa wake.

Madhara yake kwa mlaji yanapaswa kusemwa kwa kipimo, kwa sababu hofu isiyo na mipaka ingeharibu zaidi kuliko chaza wenyewe. Bakteria sugu si mgumu kuuawa kwa moto kuliko mwenzake asiye sugu. Usugu ni dhidi ya dawa, na maji yanayochemka humuua kama kawaida. Kinachopendekezwa na wataalamu ni nyama ya chaza ifikie joto la nyuzi 90 kwa sekunde 90 ndani kabisa, kiwango kilichowekwa kwa ajili ya virusi ambavyo ni vigumu zaidi, na chungu cha nyumbani kinachotokota kwa dakika kadhaa hukifikia bila shida. (Sumu ni jambo lingine: msiba wa Kisiwa Panza, Pemba, wa Machi 2024, ambapo watu tisa wakiwamo watoto wanane walifariki baada ya kula nyama ya kasa, ulitokana na sumu ambayo moto hauiondoi, na mtu asichanganye hatari hiyo na ya bakteria.) Hatari ya chaza aliyepikwa vizuri huanza baada ya kupikwa, pale nyama iliyotolewa ndani ya magamba inaposuuzwa kwa maji ya ufukweni yale yale, ikawekwa kwenye ndoo iliyobebea chaza wabichi, ikafunikwa kitambaa na kusafirishwa kwa daladala mchana kutwa bila barafu. Huanza pia kwa kisu kilichopasua chaza mbichi na kisha kikakata kachumbari, na kwa sahani ya chaza wabichi wenye ndimu wanaoagizwa na mgeni hotelini, kwani ndimu hubadilisha ladha na kuikaza nyama kidogo lakini si mpishi.

Tena madhara ya usugu hayaonekani siku ya kula. Mtu anaweza kumeza Escherichia coli mwenye vimeng'enya vinavyovunja penisilini na sefalosporini, asiugue hata kidogo, akakaa naye tumboni kwa miezi, akamwambukiza aliye nyumbani mwake, na siku moja bakteria huyo akahamia kwenye njia ya mkojo au kwenye jeraha la upasuaji wa uzazi, ambapo sindano ya seftriaksoni, tegemeo la hospitali nyingi nchini, haitafua dafu. Hakuna daktari atakayemkumbuka chaza siku hiyo. Ndiyo maana takwimu za wodini pekee hazitoshi kuonyesha mlango ambao bakteria aliingilia, ingawa zinaonyesha uzito wa mzigo: kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022, vifo milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na maambukizi ya bakteria sugu, na mzigo mzito kuliko wote uliangukia Afrika kusini mwa Sahara.

Aliye hatarini kabla ya mlaji ni muokotaji mwenyewe, naye husahauliwa katika maandishi mengi ya usalama wa chakula kwa sababu maandishi hayo hutungwa kwa niaba ya mnunuzi. Mwanamke anayesimama kwenye maji ya magotini kwa saa tatu, akichimbua kwa panga au kijiti, akijikata miguu kwa magamba na vidole kwa kisu cha kupasulia, ana njia nyingi za kupata bakteria wa bahari kuliko mgeni mwenye ndimu yake. Chaza na kombe kwa wanawake wengi wa vijiji vya Ghuba ya Menai, Chwaka na kwingineko ni kitoweo cha siku ambayo mume hakuvua, ni daftari la mtoto na ni fedha isiyohitaji mtaji, kwani hakuna chombo cha kununua wala leseni ya mashine. Ikiwa amri ya kwanza itakayotokana na upimaji itakuwa kumwaga sinia lake mbele ya umati, basi upimaji huo utakuwa umemwadhibu mtu ambaye hakujenga bomba wala hakuuza dawa bila cheti.

Mfano wa amri za namna hiyo upo, na wakubwa wa Wizara wanaukumbuka. Mwezi Januari 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, wavuvi na viwanda wakapoteza soko kwa miezi, huku Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likipinga zuio hilo kwa hoja kwamba halikuwa na msingi wa kutosha wa kisayansi. Serikali za Afrika Mashariki zilijitetea kwa haki, zikajenga maabara na kufundisha wakaguzi, na leo minofu ya sangara inayokwenda nje huchunguzwa kwa makini. Lingekuwa jambo la ajabu nchi iliyolalamika kwa kuzuiwa bila ushahidi iwazuie watu wake bila ushahidi, na la ajabu zaidi kwamba mlaji wa ng'ambo apimiwe samaki ilhali mlaji wa soko la Darajani anaachiwa pua yake.

Kazi inayoombwa haihitaji jengo jipya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2021 utaratibu uitwao Tricycle, uliobuniwa kwa ajili ya nchi zenye fedha kidogo, ambao hufuatilia bakteria mmoja tu, yaani Escherichia coli mwenye vimeng'enya vilivyotajwa hapo juu, kwa binadamu, kwa mnyororo wa chakula na kwa mazingira, kwa kumwotesha kwenye sahani ya maabara iliyotiwa dawa ya sefotaksimu ili asiye sugu afe na sugu aonekane kwa macho. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Pemba, imekuwa ikifanya kazi ya kiwango cha juu kuliko hiyo tangu mwaka 2000. Wakala wa Chakula na Dawa una maabara yake. Taasisi ya Sayansi za Bahari ina wataalamu wanaojua kila kichwa cha ghuba. Sampuli za kuanzia zichukuliwe kwa makusudi katika pwani zinazotofautiana, nyingine karibu na mabomba ya mjini, nyingine ndani ya Ghuba ya Menai ambako ujenzi mpya wa Fumba unaongeza watu na vyoo mwaka hadi mwaka, nyingine mbali kabisa kusini mwa Pemba, na kila pwani ipimwe kabla ya masika, katikati yake na baada yake, kwa sababu eneo lililo safi mwezi Februari linaweza kuwa karo mwezi Aprili. Hesabu ya Escherichia coli iandamane na ya Vibrio, kwa sababu zilizokwisha elezwa. Sampuli zisiokotwe na maofisa peke yao: wanawake wa Fumba, Bweleo na vijiji jirani walikwisha onyesha, walipokubaliana miaka ya 2000 kuyafunga baadhi ya maeneo ili chaza wazae, kwamba wanaweza kuweka mpaka baharini na kuulinda bila askari.

Yatakayofuata yatategemea majibu. Pale patakapoonekana uchafu wa wastani, chaza wanaweza kusafishwa kwa kuwekwa kwenye matangi ya maji ya bahari yaliyouawa vijidudu kwa mwanga wa urujuanimno, ambamo hujisuuza wenyewe kwa kuendelea kuchuja. Uingereza hudai muda usiopungua saa 42. Njia hiyo isitegemewe kupita kiasi, maana huondoa vizuri bakteria wa kinyesi lakini Vibrio, ambao hung'ang'ania utumboni, huondoka kwa shida, na tangi lililo na hitilafu ya umeme hugeuka kuwa bwawa la kuwakuza. Barafu, maji safi ya kusuuzia na meza yenye kivuli huenda vikaokoa watu wengi zaidi kwa gharama ndogo, navyo viko ndani ya uwezo wa Baraza la Manispaa kesho asubuhi. Pale patakapoonekana uchafu mkubwa, eneo lifungwe kwa alama ambayo hata asiyesoma ataielewa, na waliokuwa wakiokota hapo waonyeshwe pengine pa kuokota au wapewe fidia, itakayotolewa kutoka kwenye ada za wale wanaomwaga: hoteli, mitaa mipya ya kifahari, viwanda na taasisi zenye mabomba. Hoja kwamba waokotaji hawana hati ya kumiliki pwani haina uzito, kwa kuwa mwenye bomba naye hana hati ya kumiliki bahari.

Matokeo ya kwanza yasomwe kwenye mikutano ya shehia kabla hayajapelekwa kwenye makongamano. Mchuuzi anayeambiwa kwamba kombe wa pwani fulani wachemshwe hadi wafunguke wote, wasisuuzwe tena kwa maji ya ufukweni na wauzwe siku hiyo hiyo, atafanya hivyo iwapo aliyemwambia amemweleza pia kilichoonekana, wapi na lini. Wizara na Wakala wanaombwa kutaja hadharani, kabla ya masika yajayo, ofisi itakayobeba jukumu hili, bajeti yake na tarehe ya sampuli ya kwanza. Na iwapo ofisi mbili zitaligombania jukumu hilo, basi ipewe ile iliyo tayari kutuma mtu majini bamvua lijalo.

Nakala: Wizara ya Afya, Mamlaka ya Maji Zanzibar, Baraza la Manispaa Mjini, Taasisi ya Sayansi za Bahari, masheha wa shehia za pwani, Unguja na Pemba.